Bi Mkubwa wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi mawingu mazito, hakuna upepo, mvua inanukia lakini haijashuka.

Mume wangu ameondoka saa kumi na mbili na robo. Aliniaga mlangoni vizuri kabisa, akashika mkoba, akapiga hatua tatu, akarudi. Nikadhani amesahau kuniambia neno. Kumbe alikuwa anarudi sebuleni kumuaga Bi Mkubwa. Aliinama mbele ya tangi, akamtazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi, kisha akaenda zake. Yeye ni fundi wa majokofu melini. Safari hii ni ya wiki kumi.

Bi Mkubwa ni tumbawe. Si lile laini linaloyumba kama nyasi. Ni tumbawe gumu, la mawe, lenye matawi kama pembe za swala, zambarau mwilini na buluu kwenye ncha. Mume wangu alilipata likiwa kipande cha ukubwa wa ukucha, miaka mitatu kabla hajanioa. Leo ni pana kama sinia, na samaki wawili wadogo hulala kwenye matawi yake. Kwa kuwa lilinitangulia humu ndani, yeye mwenyewe ndiye aliyelipa jina hilo. Mimi, basi, ni bi mdogo. Nimezoea.

Safari iliyopita tangi aliachiwa mdogo wake, na matumbawe mengine yote yalikufa kwa uvivu wa mtu mmoja. Safari hii nilimwambia, "Niachie mimi." Akasita. Nikamkumbusha kwamba kazi yangu ni kusoma mita za maji, nyumba mia na ishirini, na sijawahi kukosea tarakimu. Hapo akakubali. Ameniachia karatasi mbili za maelekezo, nimezibandika ukutani. Akirudi, amkute Bi Mkubwa yuko hai. Hilo tu ndilo nililoahidi.

Vipimo: joto 26, chumvi 35, kalsiamu 420.

Jumanne, 4 Machi. Mvua ya kwanza alfajiri, dakika kumi. Joto 26, chumvi 35. Sijambo, hajambo.

Alhamisi, 6 Machi. Jua kali, kisha manyunyu.

Mama mkwe amefika na mabegi mawili na mto wake mwenyewe. Anasema atakaa nami mpaka mwanawe arudi, nisiwe mpweke. Sikuwa nimelalamika upweke. Kabla hata ya kukaa alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Mbona kama ana manyoya?"

Nikamweleza kwamba kila tawi limejaa vinywa vidogo, na kila kinywa kina vidole vyake. Vidole vikitoka nje, tumbawe lina raha. Vikijificha, kuna jambo.

"Anakula nini?"

"Mwanga zaidi, saa kumi kwa siku. Na vumbi la chakula mara mbili kwa wiki."

"Hapiki, hafui, anawashiwa taa saa kumi kwa siku," alisema, "na bi mdogo ndiye anayemwogesha. Mwanangu ana akili kuliko nilivyodhani."

Nilicheka kweli. Halafu nikampeleka jikoni kumwonyesha mapipa mawili: jeupe la maji yaliyochujwa, yasiyo na kitu chochote ndani, na la buluu la maji ya chumvi yaliyokorogwa. Nikamwomba asiyaguse. Akasema amelea watoto sita bila mmoja kuzama pipani. Sijui kama hiyo ni ndiyo au hapana.

Jumapili, 9 Machi. Mvua tangu alfajiri, ya kutulia.

Siku ya kazi kubwa. Nimeanza kwa kusawazisha kipima chumvi. Ni kijibomba unachochungulia kwa jicho moja kuelekea dirishani. Unadondosha tone la maji yasiyo na chumvi kwenye kioo chake, na mstari unatakiwa ukae kwenye sifuri. Usipokaa, unazungusha skrubu. Mume wangu hufanya hivyo mara moja kwa mwezi, kwa maji ya chupa ndogo ya dukani. Chupa imekwisha, nikatumia maji ya pipa jeupe. Mimi nitasawazisha kila Jumapili. Mara moja kwa mwezi ni mambo ya kubahatisha.

Kisha nimebadilisha ndoo mbili za maji ya tangi, nimesuuza ndoo ya kukorogea kwa maji ya pipa jeupe na kuyarudisha humo humo. Mtambo wa kuchuja hutoa maji tone kwa tone, pipa hujaa kwa siku nzima, na mtu wa idara ya maji hawezi kumwaga maji safi huku anatazama. Nimepangusa vioo. Nimemaliza saa tano na nusu. Bi Mkubwa ametoa vidole vyote.

Jumatano, 12 Machi. Mawingu. Viatu vimelowa tangu nyumba ya tatu.

Fundi cherehani wa nyumba ya kona amenisimamisha tena.

"Dada wa mita, mita yako inakimbia. Humu naishi mimi na cherehani, na cherehani hainywi maji."

"Mita haidanganyi, fundi."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema kwa mdomo. Umesema kwa kalamu."

Nimeandika tarakimu nikaondoka. Watu hawapendi kuhesabiwa.

Jumapili, 16 Machi. Mvua kubwa. Baada ya kusawazisha, chumvi inasoma 34. Nimeongeza maji ya pipa la buluu mpaka 35. Ndoo imesuuzwa, vioo vimepanguswa.

Alhamisi, 20 Machi. Manyunyu.

Mama mkwe amehamishia kiti chake mbele ya tangi. Anakaa hapo kutwa na kikombe chake, kama mtu anayengoja gari. Nikirudi kazini nakuta alama za vidole kwenye kioo.

"Bi Mkubwa amenuna," ameniambia jioni.

"Hajanuna, mama. Vipimo vyote viko sawa."

"Mimi sisemi vipimo. Nasema uso."

Nimefuta kioo.

Jumapili, 23 Machi. Mvua. Baada ya kusawazisha, chumvi tena 34. Nimeongeza. Kalsiamu imepanda yenyewe mpaka 450, nimepunguza dozi yake ninayotia kila siku. Huenda ni hali ya hewa. Siku za unyevu tangi halipungui maji kama kawaida.

Jumanne, 25 Machi. Vidole vya upande wa dirisha havikutoka leo.

Ijumaa, 28 Machi. Mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi ukungu.

Kuna weupe chini ya shina. Si mkubwa, upana wa kidole kidogo. Nimepiga magoti na tochi. Ngozi imebanduka, mfupa unaonekana, mweupe kama chaki mpya. Nimepima kila kitu mara mbili. Joto 26. Chumvi 35. Hakuna kosa.

Mchana mume wangu amepata mtandao bandarini. Ameandika: "Mke wangu hajambo? Na mke wangu mwingine?" Akataka picha. Nilisimama na simu mbele ya tangi. Halafu nikafungua picha niliyopiga tarehe 5, vidole vyote nje, rangi zote zinawaka, nikamtumia hiyo. Nilijiambia kesho weupe utakuwa umesimama, kwa nini nimwamshie presha mtu aliye baharini.

Amejibu kwa mioyo sita. Nimeihesabu.

Jumapili, 30 Machi. Mvua. Chumvi 33 baada ya kusawazisha. Nimeongeza mpaka 35. Weupe umefika vidole viwili.

Jumatano, 2 Aprili. Joto la mvuke, mvua jioni.

Nimempigia daktari wa meno. Ni rafiki wa mume wangu, naye ana tangi la matumbawe kliniki, wagonjwa hulitazama wasahau wanachokingoja. Nimemsomea vipimo vya mwezi mzima. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, daftari lako ni safi kuliko langu. Maji hayana kosa hapo, isipokuwa kalsiamu, nayo si ya kuua. Labda ni sumu. Kuna mtu anapuliza dawa humo ndani? Ya mbu, ya mende, manukato? Pampu ya hewa huivuta yote ikaingia majini."

Nilisema nitachunguza. Nilipokata simu mama mkwe alikuwa kitini pake, kimya, anamtazama Bi Mkubwa. Nami nikamtazama yeye.

Usiku amelala na mlango umefungwa. Nimesikia kitu kama "psss". Huenda ni mvua kwenye mfereji wa bati.

Alhamisi, 3 Aprili. Mvua. Nimenusa pazia la sebuleni. Sijui ninachokinusa.

Jumamosi, 5 Aprili. Jua la saa mbili, kisha mvua.

Mama mkwe alitoka kwenda dukani. Mlango wake ulikuwa wazi. Sikuingia. Niliona tu kutoka kizingitini: kopo la dawa ya mbu, jekundu, kando ya mto.

Mume wangu ametaka picha tena. Nimemtumia nyingine ya tarehe 5 Machi, nimeikata pembeni isifanane na ile ya kwanza.

Jumapili, 6 Aprili. Radi asubuhi. Mvua imechapa dirisha mpaka saa sita.

Naandika ili nijue nilisema nini hasa.

Nilikuwa nimesawazisha, nimepima (33 tena), nimeongeza. Weupe umepanda nusu ya shina, na tawi la nyuma lote limeondoka. Ngozi inaelea majini kama nyuzi za buibui. Mama mkwe akasema kutoka kitini, "Upande ule ulianza kufifia wiki mbili zilizopita, nilikuambia." Nikageuka.

"Mama, unapuliza dawa ya mbu chumbani?"

"Dawa gani?"

"Lile kopo jekundu."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Umeingia chumbani kwangu."

"Sikuingia. Niliona. Daktari amesema ni sumu, na humu ndani hakuna kipya kilichoingia mwezi huu isipokuwa..."

Sikumaliza. Ila hata kipofu angeona sentensi ilikokuwa inaelekea.

"Isipokuwa mimi," alimalizia yeye.

"Mama, mwanao akirudi atanikuta na mfupa. Nitamwambia nini?"

"Umeshampata wa kumsingizia. Mwambie hivi: mama yako kamuua mke wako." Akainuka kwa kushika mikono ya kiti. "Umri huu nisimame nijitetee mbele ya samaki wawili? Hapana, mwanangu. Alhamisi basi la asubuhi lipo. Nitaenda kwa binti yangu."

Akaingia chumbani. Hakubamiza mlango. Angeubamiza ningejisikia nafuu.

Nimesuuza ndoo. Nimepangusa vioo. Kulikuwa na alama za vidole vyake, nikaziacha.

Jumatatu, 7 Aprili. Mvua. Ameniamkia kabla sijamwamkia. Mimi ndiye mdogo. Nimeona haya mpaka kazini.

Jumanne, 8 Aprili. Mvua. Hakuna aliyekaa mbele ya tangi leo.

Jumatano, 9 Aprili. Mvua. Bomba la jikoni linatoa maji ya rangi ya chai. Idarani wanasema ni mafuriko huko juu, yatasafika wiki ijayo.

Weupe umebakiza theluthi ya juu. Unapanda upana wa kidole kwa siku, unaona kabisa mpaka wake, kama mtu anamvua soksi. Mume wangu amepiga simu ya video. Nimeikata. Nikaandika: "Mtandao mbovu, mvua." Nikatuma picha ya tatu. Nimeketi, nimeinuka, nimepima, nimeketi. Chumvi 35. Nimepima tena. 35. Natamani isome kitu kingine chochote.

Alhamisi, 10 Aprili. Asubuhi mvua imepumzika, anga la majivu.

Mabegi mawili yalikuwa mlangoni saa kumi na mbili, na mto juu yake. Nilimkuta mama mkwe jikoni amekwisha kuchemsha chai. "Tunywe," alisema, "nisiondoke kama mwizi." Tukakaa. Nikanywa funda moja, nikalirudisha kikombeni.

"Mama, umetia chumvi badala ya sukari."

Akaonja chake. Akakunja uso mzima. "Sukari nimetia kwa mkono wangu. Chumvi sijaigusa."

"Basi maji umechota wapi?"

Akageukia bomba. "Bombani panatoka tope. Nimechota kwenye pipa lako jeupe. Najua ulinikataza. Birika moja tu."

"La buluu, mama. Umechota la buluu."

"Mimi sijawa kipofu. Jeupe."

Niliinuka. Nilichota kwa kiganja kutoka pipa jeupe nikanywa. Nikachota tena. Halafu nikakaa sakafuni, na sketi ya kazini.

Maji yasiyo na kitu chochote ndani yalikuwa na chumvi.

Mama mkwe alishuka akachuchumaa kando yangu, magoti yakilia. "Nani kaitia?"

Nilikuwa nimekwisha kulijua jibu. Chumvi ya mume wangu huacha ukoko mweupe chini ya ndoo ya kukorogea. Karatasi ya ukutani inasema suuza ndoo. Haisemi uyapeleke wapi maji ya kusuuzia, kwa sababu mume wangu huyamwaga, kama mtu yeyote mwenye akili. Mimi nimeyarudisha pipani, Jumapili baada ya Jumapili, na kila nilipoongeza chumvi katikati. Kisha kwa maji hayo hayo nikaweka sifuri. Sifuri yangu ikawa ya chumvi. Kila wiki pipa likazidi, kila wiki kipima kikasoma pungufu, kila wiki nikaongeza. Mtu mvivu angesawazisha mara moja akasahau, na Bi Mkubwa angekuwa mzima. Mimi nilisawazisha kila Jumapili, sikuruka hata moja.

"Ni mimi, mama," nilisema. "Tangu mwanzo ni mimi."

Nikataka kumwomba radhi nikashindwa kupata pa kuanzia, nikaenda chumbani kwake kuchukua kile kikopo, sijui kwa nini, labda nikitupe. Kifuniko chake kilikuwa bado kimezungushiwa plastiki ya dukani. Hakijawahi kufunguliwa.

Nilirudi nacho mkononi. "Kwa nini hukunionyesha?"

"Ungenionyesha wewe imani kwanza," alijibu. Kisha, "Basi limeshaondoka. Mpigie huyo daktari wako."

Daktari wa meno alikuja saa saba akiwa na koti jeupe na kipima chake mwenyewe. Alidondosha tone la maji ya tangi, akachungulia kuelekea dirishani. Akachungulia tena.

"Arobaini na moja."

"Changu kinasema thelathini na tano."

"Shemeji, hicho chako kitupe." Akaona uso wangu. "Nami nilaumiwe. Kalsiamu ilipanda bila sababu, chumvi ikizidi kila kitu hupanda. Ulinisomea, nikapita juu yake kwa kuwa daftari lako lilipendeza."

Akasema tushushe chumvi kidogo kidogo, kiwango kimoja kwa siku, tukifanya pupa tutammalizia. Ametuachia madumu mawili ya maji safi ya kliniki na kipima chake. Mama mkwe amerudisha mabegi chumbani, moja moja. Nilitaka kumsaidia. "Acha," alisema, "nilikuja nayo mwenyewe."

Jioni nilimwomba radhi. Niliisema yote, sikukata pembeni. Alinisikiliza akitazama tangi. "Nimekusikia," alisema. Si sawa na kusamehe, lakini kiti kimerudi mahali pake.

Ijumaa, 11 Aprili. Mvua nyembamba. Chumvi 40, kwa kipima cha daktari. Ngozi bado inabanduka. Sikulala.

Jumamosi, 12 Aprili. Mvua kubwa saa mbili, ikakatika ghafla.

Chumvi 39. Daktari amekuja tena, akatazama mpaka wa weupe, akatikisa kichwa.

"Hausimami, shemeji. Ukishaanza kukimbia hivi, maji mazuri peke yake hayatoshi. Inabidi tukate ncha zilizo hai, juu ya weupe, kila moja peke yake. Ikifa moja isiambukize nyingine. Na nusu nichukue mimi."

Nilisema hapana kabla hajafunga mdomo. Mume wangu hajawahi kukubali hata tawi moja livunjwe. Watu wamemwomba miaka yote, amewakatalia, pamoja na huyu huyu daktari. Nilipiga simu melini, haipatikani. Nikapiga tena. Daktari akatazama saa. Mama mkwe ndiye aliyesema:

"Unangoja ruhusa ya nani? Mwenye mke yuko baharini, na mke anakufa sebuleni."

"Atasema nimemkatakata."

"Atasema. Kata."

Nikamtoa mwenyewe majini kwa mikono miwili. Ni mzito kuliko nilivyofikiri, na akiwa nje ya maji ananuka kama ganda la chaza. Tulimweka kwenye sinia jikoni. Daktari alivaa miwani, akachomeka mashine yake ya kutobolea meno.

"Fungua mdomo, bibi," alisema kwa mazoea, na mama mkwe akacheka mpaka akashika meza. Mimi nilikuwa namwagia maji ya tangi kwa kikombe, asikauke. Mashine ililia kama inavyolia kwenye meno ya watu, na harufu ni ile ile. Vipande kumi na tisa. Kila kimoja ukubwa wa kifundo cha kidole, tukakigandisha kwa gundi juu ya kisahani cha kauri. Mama mkwe alipanga kwenye trei. Mikono yake haitetemeki. Sikujua hilo.

Daktari amechukua nane, atavizoesha maji yake kwa matone. Kwetu vimebaki kumi na kimoja. Shina liko kwenye beseni, jeupe lote. Ni pana kama sinia bado.

Saa kumi jioni nilimwandikia mume wangu. Nilipiga picha ya beseni na picha ya trei. Niliandika ndoo, pipa, sifuri. Niliandika kwamba picha tatu nilizomtumia ni za tarehe 5 Machi. Niliandika kwamba nilimsingizia mama yake. Nikabonyeza kabla sijaisoma mara ya pili. Haijafika. Melini hakuna mtandao.

Jumapili, 13 Aprili. Mvua. Kumi. Kimoja kimepauka. Sijasawazisha kitu.

Jumatatu, 14 Aprili. Mvua. Tisa. Ujumbe haujafika.

Jumanne, 15 Aprili. Ukungu. Saba. Daktari anasema kwake vimebaki sita. Naamka, naenda sebuleni, narudi kitandani, naamka. Mama mkwe anasema nimeanza kufanana na pampu.

Jumatano, 16 Aprili. Jua dakika ishirini. Ujumbe umefika. Ameusoma saa nne na dakika kumi. Hajajibu.

Alhamisi, 17 Aprili. Mawingu, hakuna mvua.

Hajajibu. Nimekwenda nyumba ya kona na ndoo ya lita ishirini, siku ambayo si ya zamu yangu. Fundi cherehani alinitazama kwa mashaka akiwa na sindano mdomoni. Nilijaza ndoo mara tano kwenye bomba lake huku natazama mita. Lita mia moja. Mita ikahesabu mia na thelathini.

"Haya, sema," alisema.

"Inakimbia, fundi."

"Inakimbia tangu lini?"

"Sijui. Ulinieleza, sikupima."

Alitoa sindano mdomoni. Nilidhani atanitukana. "Umekonda, dada wa mita," alisema. Nimeandika ripoti ya kubadilisha mita, na chini yake nimeandika kwamba mteja alilalamika mara nne na msomaji alipuuza. Nimesaini.

Ijumaa, 18 Aprili. Mvua. Tano. Hajajibu.

Jumamosi, 19 Aprili. Mvua. Tano. Chumvi 35 ya kweli. Hajajibu.

Jumapili, 20 Aprili. Mvua ya asubuhi. Nne. Kwa daktari bado sita. Nimekaa kitini kwa mama mkwe na yeye kwenye mkeka, tukitazama visahani vinne. "Sema lolote," nimemwambia. "Ninachungulia uso," alijibu.

Jumatatu, 21 Aprili. Asubuhi mvua imekatika, majani yanadondosha, jua linakuja na kurudi.

Amepiga simu saa tatu na nusu. Nilikuwa nimechukua siku ya mapumziko kazini, sikuwa na akili ya kusoma tarakimu za mtu. Simu iliita mara mbili nikaipokea nimesimama.

"Nimesoma," alisema. Nyuma yake injini zinanguruma. "Nimesoma siku tano. Mama yuko?"

"Yuko."

"Umemwomba radhi?"

"Nimemwomba."

"Amekujibu nini?"

"Amesema amenisikia."

Alicheka kidogo, cheko la mtu anayemjua mama yake. Kisha hakuna cheko tena. "Tumbawe lilikuwa langu, nami nitaumia hadi maumivu yaishe. Ndoo ni kosa, mtu anakosea. Kukata ulifanya vyema, mimi ningeogopa. Lakini zile picha. Kila jioni nilikuwa nawaonyesha wenzangu hapa. Nimekuwa najivunia maiti, wananipongeza. Ulipokuwa unatuma, ulikuwa unasema nini moyoni?"

"Nilikuwa nasema kesho atapona."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

Injini ilinguruma peke yake. Sikukata kimya hicho. Nilikuwa nimeshakata vya kutosha.

"Nitarudi," alisema, "lakini nitarudi nimekasirika. Nakuambia mapema, nisije na mimi nikakutumia picha ya uongo."

"Sawa."

"Vimebaki vingapi?"

"Vinne hapa. Sita kwa daktari."

"Kwa daktari!" Akavuta pumzi. "Miaka yote hii kanibembeleza tawi moja. Haya. Nitumie picha. Za leo. Na vilivyokufa pia, vyote."

Nilivipiga picha vile saba vilivyokufa, kimoja kimoja, kwenye karatasi nyeupe, na shina kwenye beseni. Kisha nikaenda kwenye vinne. Taa zilikuwa zimewaka saa moja tu. Nilingoja na simu mkononi, goti linauma, mama mkwe nyuma yangu anapumua. Saa sita kasoro robo kipande cha pembeni kilitoa vidole. Vichache, upande mmoja, vifupi kama manyoya ya ulimi wa paka. Vingine vitatu havikutoa chochote. Nimepiga picha hivyo hivyo, kimoja kimetoa, vitatu havijatoa, ukungu wa pumzi yangu kwenye kioo. Nimetuma.

Amejibu neno moja: "Nimeona." Hakuna mioyo.

Nilianza kutafuta kitambaa cha kufutia kioo. Mama mkwe amenishika mkono.

"Acha kioo, mwanangu. Hujalala tangu chai ile. Nenda. Nitakaa navyo mimi."

"Vile vitatu vikitoa vidole..."

"Nitaviona."

"Na visipotoa?"

"Pia nitaviona. Nikuamshe?"

Nilifikiri. Nikamwambia asiniamshe.

Naandika haya kitandani. Mlango uko wazi, nasikia pampu, na kiti chake kikilia anapoinama mbele. Saa nane na dakika kumi mchana. Nalala.